Kadi Zilizokatwa Kona

Shangazi alikuwa na kadi mia tisa na ushee, zimepangwa katika maboksi manne ya viatu juu ya kabati la chumba nilicholala. Kila kadi ilibeba jambo moja tu: tarehe, au jina, au maneno ya mtu na alikuwa amekaa au amesimama alipoyasema. Ndivyo alivyoandika kitabu chake cha maji, kile kilichofanya hata wanaomchukia wamwite Msumari. Kadi ambazo hazikupaswa kuchapwa kamwe alizikata kona ya juu kwa mkasi, ili kidole chake kikizigusa kijue, hata bila macho, kwamba hizi ni za kufa nazo.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshika mojawapo.

Nilikuwa na miezi minane tu tangu nivae joho la chuo. Shangazi alinichukua nikae kwake, nimsomee prufu, zile nakala za kusahihisha kabla ya kuchapwa, nimpangie makaratasi. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Nilisomea uandishi wa habari kwa sababu yake. Miaka thelathini na moja kwenye gazeti, vitabu viwili vya mambo ya kweli, riwaya moja, na sasa riwaya ya pili iliyokuwa imeingia mtamboni asubuhi hiyohiyo. Mchapishaji alikuwa ametoa upya kile kitabu cha maji, na Jumamosi angeuza vyote viwili vikiwa vimefungwa pamoja ndani ya nailoni moja.

Maktaba ya chuo iliziomba kadi za kitabu cha maji. Shangazi aliniambia nizitenge zilizokatwa kona, nisizisome, yeye atazichoma. Nikazitenga. Moja nikaisoma. Sina hamu ya kujitetea.

Nilimkuta sebuleni anapiga pasi gauni la Jumamosi.

"Shangazi, yule Bwana Sufuria wa kwenye riwaya ulimtoa wapi?"

"Hapa." Akajigonga paji la uso kwa kidole. "Vipi, umempenda? Ana mke yule, nakuonya mapema."

"Nauliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Miaka yote hii wananiambia najua kunakili tu. Riwaya yangu ya kwanza wakasema ni gazeti lililovaa gauni. Huyu sikumnakili popote, mwanangu. Alinijia naoga, sabuni usoni. Nikatoka na taulo nikaandika kurasa tatu nimesimama, maji yananichuruzika." Akacheka, akageuza mkono wa gauni. "Kama nitakumbukwa kwa kitu kimoja, ni kwa yule karani na sufuria lake."

Ningeweza kuirudisha ile kadi kwenye boksi. Nililiwaza hilo, tena kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

"Shika rula," nikamwambia. "Sura ya tisa, ukurasa wa mia moja na nne. Mimi nisome, wewe ufuate."

Ndivyo tulivyosahihisha prufu siku zote: mmoja anasoma kwa sauti pamoja na alama zote, mwenzake anafuata na rula chini ya mstari. Akanitazama, akadhani nimeona kosa la herufi. Akasimamisha pasi, akachukua prufu na rula.

Nikaanza kusoma kadi.

"Anachora namba kwa sindano, mkato, upande wa ndani wa mfuniko wa bakuli lake la chakula, nukta. Juu yake anapaka mafuta ya kupikia, nukta. Getini wanapekua karatasi, mkato, hawapekui vyombo, nukta."

Rula ikashuka mstari, ikashuka mwingine. Kwenye prufu palikuwa na sufuria badala ya bakuli; mengine yalikuwa yaleyale.

"Nyumbani anazinakili namba, mkato, kisha anausugua mfuniko kwa mchanga, nukta. Hamruhusu mtu yeyote kumwoshea bakuli, nukta. Wenzake wanamtania, mkato, wanamwita Bwana Bakuli, nukta."

Rula ilisimama. Sikuinua macho.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Nilipofika mwisho nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Alikuwa ameiachia rula, pasi imelala tena kifudifudi juu ya gauni na mkono wake juu ya pasi, hana habari. Niliinyanyua mimi.

"Hiyo kadi ni mwandiko wangu?"

"Ni wako."

Akakaa kwenye mkono wa kochi. Kile kitabu cha maji kilisema tu kwamba takwimu za vipimo vilivyoonyesha uchafu wa maji ya mji zilimfikia mwandishi "kwa njia ambayo haitatajwa". Wasomaji waliipita sentensi ile bila kusimama. Meneja wa kampuni ya maji hakuipita. Alimtafuta aliyezitoa takwimu, akahoji idara nzima, na Shangazi mwenyewe aliitwa na wapelelezi.

"Walinikalisha siku mbili kwenye kiti cha mbao," akasema. "Wanataka jina. Nikajua siku ya tatu nitalisema, maana mimi si chuma, watu wananisingizia. Kwa hiyo nikajifundisha kumsahau. Nikaanza na jina. Nikaja kwenye uso. Nikaja kwenye sauti. Nikaja kwenye kila alichowahi kuniambia. Walipouliza tena, mwanangu, sikuwa nadanganya. Sikumjua." Akaitazama prufu. "Sasa naona nilisahau vizuri mno. Kimerudi, nikadhani nimekizaa."

Kisha yule Msumari akaamka ndani yake, akaanza kunibishia.

"Lakini huyu wangu ni wa ghala la nafaka. Mji mwingine. Anaiba namba za mizani, haibi vipimo vya maji. Nani ataunganisha?"

"Kila aliyewahi kula naye mchana."

"Miaka kumi na moja. Watu husahau."

"Wewe ndiye uliyejifundisha kusahau, Shangazi. Wao hawakujifundisha."

Nikauliza kama yule mtu bado yupo. Akasema mwaka jana gazeti lilitoa picha ya wafanyakazi wa muda mrefu wa kampuni ya maji, na macho yake yalikwama kwenye sura moja ya mstari wa nyuma, akafunga gazeti haraka bila kujua kwa nini. Sasa alijua. Na yule meneja sasa ni mwenyekiti wa bodi, na aliwahi kusema mbele ya kamera kwamba panya aliyezitoa takwimu atamjua hata akiwa kaburini.

Ilikuwa saa nne na robo. Aliichukua kadi, akaenda jikoni, akawasha jiko, akaishika mpaka moto ukamfikia kucha. Tukampigia mhariri wa kampuni ya uchapishaji. Simu yake inatumika. Tukapiga tena. Inatumika.

"Vaa viatu," akasema.

Nje tulisimamisha pikipiki mbili. Dereva wa pikipiki ya Shangazi alimpa kofia ngumu, akamwuliza kwa adabu, "Mama, umewahi kupanda?" Akamjibu, "Mwanangu, nimewahi kupanda hizi kabla baba yako hajamtongoza mama yako. Twende."

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa nyuma ya maghala ya mbao. Ukiingia mlangoni wino unakukamata koo, halafu kelele inakukamata masikio. Fundi mkuu wa mtambo, mzee mwembamba mwenye ovaroli la bluu na vidole vyeusi, alimwona Shangazi akatabasamu.

"Mama, kitabu kinateleza tu. Hakijakwama hata mara moja."

"Mmefika forma ya ngapi?"

Forma ni lile karatasi kubwa linalobeba kurasa kumi na sita kabla ya kukunjwa. Sura ya tisa ilikuwa kwenye forma ya saba.

"Imebaki ya saba tu, nayo inamalizikia. Hii hapa."

Ilikuwa inatoka mtamboni, karatasi juu ya karatasi, na rundo lake lilikuwa limefika kiunoni.

"Zima," Shangazi akasema.

"Mama?"

"Nimesema zima, kaka yangu. Nakuomba."

Fundi akabonyeza kitufe chekundu. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kuliko kelele, na ndio uliomshusha mhariri mbio kutoka ofisini kwake ghorofani, simu bado sikioni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye kuvuta shati lake kila anapoogopa.

Shangazi alimpeleka pembeni, nikawafuata. Alimweleza kwa sentensi nne. Hakutaja mtu wala mwaka.

"Dada," mhariri akasema, "umemtaja jina?"

"Bora ningemtaja jina. Jina watu wanafanana. Mfuniko ule ni wake peke yake."

"Lakini ni riwaya. Ukurasa wa pili tumeandika kabisa, watu wote humu ni wa kubuni."

"Tumeandika uongo, basi."

"Jumamosi nina wageni mia mbili. Sasa niambie ukweli, ni nani atakayevisoma vyote viwili, akae navyo, alinganishe?"

"Mmevifunga kwenye nailoni moja," nikasema. "Tumewaomba wavisome pamoja."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Mhariri akanigeukia.

"Binti, wewe kazi yako ilikuwa kusoma herufi."

"Nimezisoma. Zikajipanga zikawa mtu."

Akavuta shati. Kisha akasema jambo ambalo mimi pia nilikuwa nimeliwaza njia nzima. "Mpigieni mwenyewe. Mumwulize. Akikubali, sisi ni nani?"

Nilidhani Shangazi ataona hiyo ndiyo haki. Alitikisa kichwa.

"Nikimpigia, nimeshamtaja. Na nikimwuliza, atasema sawa. Namjua sasa, amenirudia mzimamzima. Mara ya kwanza alisema sawa na mke wake ana mimba ya miezi saba. Mtu ambaye hajui kukataa, humwulizi. Unakataa wewe badala yake."

Fundi alikuwa amesogea, anafuta vidole kwa tambara. Alisema hakuelewa mambo ya wakubwa, lakini forma moja inaweza kurudiwa. Kurasa tatu zibadilishwe, bamba jipya la kuchapia litengenezwe. Ila maneno mapya yaingie sawasawa na yale ya zamani, mistari sitini na tatu, si sitini na mbili wala na nne. Zaidi ya hapo yangesukuma kurasa zinazofuata, na maandishi yote ya mbele yangehama. Na ayapate saa saba na nusu, kwa sababu saa nane mtambo unahamia kwenye madaftari ya shule na hautoki huko wiki nzima.

"Ukishindwa?" mhariri akamwuliza Shangazi.

"Nikishindwa, acha kurasa nyeupe."

"Kurasa tatu nyeupe katikati ya riwaya?"

"Watafikiri ni ubunifu."

Ilikuwa saa sita kasoro kumi. Tulipewa chumba cha mpangaji kurasa, kijana mtulivu aliyetuachia kiti chake na kutoka. Meza moja, kompyuta moja, feni inayozunguka kwa kulalamika. Shangazi akafuta zile kurasa tatu kwenye kioo, akabaki na weupe na mshale unaopepesa.

Akabaki nao dakika ishirini.

Nilikuwa nimemwona akiandika habari ya ukurasa mzima huku anaongea na simu. Sikuwahi kumwona vidole vyake vimekaa juu ya meza kama vya mgonjwa. Kazi ilikuwa nyepesi ukiisema: Bwana Sufuria, ambaye kwenye kurasa nyingine sufuria lake ni la chakula tu, lazima azitoe namba ghalani bila mfuniko. Kwa njia nyingine. Njia yoyote.

"Kwenye kofia," akasema, akaandika mistari miwili, akaifuta. "Hapana. Yule wa bandarini."

"Nani?"

"Usiniulize nani." Akafikiri. "Kwenye utepe wa nywele za bintiye." Akaandika neno moja, akaacha. "Huyo pia yupo. Ana wajukuu sasa." Akasukuma kiti nyuma. "Unaona? Kila nikigusa kitu kina mwenyewe. Wale waliosema mimi ni gazeti lililovaa gauni walikuwa wananipendelea. Hata gauni ni la kuazima."

Saa sita na nusu. Niliona lazima nimsaidie. Chuoni nilipata alama ya juu kabisa katika somo la uandishi wa kubuni, nikakusanya nguvu zangu zote.

"Anaweza kutumia njiwa," nikasema.

"Njiwa."

"Anamfunga kikaratasi mguuni."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, kesho asubuhi kairudishe ile digrii. Waambie imekubana mabegani."

Nilicheka, naye akacheka, na kicheko chake kikaishia mahali pabaya, akafunika macho kwa kiganja. Mhariri alichungulia mlangoni, akatazama kioo cheupe, akatazama saa, akaurudisha mlango taratibu. Nilimchukia kidogo kwa kuwa mwungwana namna ile.

Saa saba kasoro dakika ishirini. Nikafanya kitu pekee nilichokijua. Nilichukua daftari, nikakaa mbele yake kama mwandishi anayehoji.

"Siku ile ulipotoka kwa wapelelezi, ulirudije nyumbani?"

"Hiyo inahusu nini?"

"Nijibu tu."

"Kwa miguu." Alisita. "Kwa miguu, mbali. Niliogopa kupanda gari na mtu yeyote. Nilikuwa nasema majina ya mitaa kwa sauti ndogo, moja baada ya jingine, mwanzo mpaka mwisho, kisha tena, ili lile jina lisipate nafasi mdomoni. Watu wakanisalimia, sikuitikia. Nikimwitikia mtu nitapoteza hesabu. Jirani yangu, rafiki yangu wa miaka, alisimama mbele yangu akasema habari, nikampita kama nguzo. Alininunia mwaka mzima. Sikuweza kumweleza."

Kisha akavuta kiti.

Aliandika bila kusimama. Bwana Sufuria anatoka getini mikono mitupu, wanampekua, hawapati kitu, kwa sababu uzito wa magunia wote ameubeba mdomoni. Anatembea anazitamka namba chini ya pumzi. Wanamsalimia, haitikii. Mtaa mzima unamwona ana majivuno. Mke wake anaulizwa kisimani, mumeo amepata cheo gani siku hizi? Naye anamtetea bila kujua anatetea nini. Anafika, anafunga mlango, anazitapika namba kwenye karatasi, na hana tena nguvu ya kumwambia mkewe hata habari za kutwa.

Nilisoma juu ya bega lake.

"Hii ni ya nani?" nikauliza, maana ilibidi niulize.

"Yangu. Ni ya mtu ninayeweza kumwomba ruhusa." Akaandika nukta ya mwisho. "Mfuniko ulikuwa mzuri zaidi."

Nilitamani kumdanganya. "Ndiyo," nikasema.

"Ulikuwa mzuri mara kumi."

"Mara mbili hivi."

Ilikuwa mistari sitini na tano. Tukakata sentensi moja ya kisimani, tukabaki na sitini na nne. Dakika zilikuwa nne. Nilipendekeza tuondoe neno hili, akakataa, akaondoa lile, mstari ukarudi juu, sitini na tatu. Tukasoma mara moja tu, mimi kwa sauti, yeye na rula juu ya kioo, kasi kama watu wanaokimbia mvua. Mpangaji kurasa akaingia, akakaa, akatuma. Saa saba na dakika ishirini na tisa.

Bamba jipya lilifungwa. Mtambo ulipoanza tena, fundi alichomoa karatasi ya kwanza, akaitandaza kwenye taa, akaonyesha kidole gumba juu. Mhariri akaachia shati lake.

Nilidhani yamekwisha. Shangazi alikuwa ameshafika kwenye lile rundo la zamani, forma ya saba yenye mfuniko.

"Hizi huwa mnazipeleka wapi?"

"Zilizoharibika? Wenye maduka wanazichukua," fundi akasema. "Wanafungia bidhaa."

Ukurasa wa mia moja na tano ungefika kila kona ya mji, umefungiwa misumari na sabuni, na mtu yeyote asiye na la kufanya angeukunjua akausoma.

"Leo hazichukui mtu," Shangazi akasema. "Tunazikata."

Tulizikata wenyewe. Mashine ya kukatia ilikuwa na kisu kirefu kama mlango, kinashuka kwa uzito wake. Mimi na Shangazi tulibeba rundo kwa rundo, fundi anasawazisha kingo, anavuta mpini, anageuza, anavuta tena, mpaka maneno yakawa vipande visivyozidi ukucha. Mhariri naye alikuja, akakunja mikono ya shati, akabeba.

Rundo la mwisho lilipokwenda nilimwona Shangazi akisimama na mkoba wake umebanwa kwapani kuliko kawaida. Kona ya karatasi ilikuwa inachungulia pale zipu ilipoishia.

"Shangazi," nikasema, taratibu, wengine wasisikie.

"Moja tu. Naiweka kwenye boksi. Hakuna atakayeiona."

"Boksini ndiko ilikotoka."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie kwake niliogopa kwamba angenikasirikia kweli. Alikuwa na haki. Alikuwa na miaka sitini na mbili, na ule ulikuwa ukurasa bora kuliko yote aliyowahi kuandika, na sote wawili tulijua.

Akaichomoa. Akaikunjua, akaisoma amesimama, midomo inacheza, mpaka chini. Fundi alisubiri, mkono juu ya mpini. Hakunipa mimi. Alimpa yeye, na kisu kikashuka.

"Zimekwisha, mama?" fundi akauliza.

Shangazi alifungua zipu yote, akaugeuza mkoba juu ya meza, akautikisa: funguo, kalamu mbili, leso, miwani. Akaugeuza nje ndani ili tuone bitana. Kisha akaanza kuvirudisha vitu vyake kimoja kimoja.